Rangi Haipigi Picha

Jeanne alimwambia mdogo wake maneno hayo mara tatu, kwamba rangi haipigi picha, na mara zote tatu Laurentine alimjibu kuwa mambo ya kamera awaachie wenyewe. Mara ya tatu alimjibu wakati vijana wawili wa mkokoteni wamekwisha kufika kuchukua friza iliyouzwa. Ilikuwa friza kubwa waliyoachiwa na mama yao, na humo ndimo walimohifadhi samaki wa Kasenga waliouza mlangoni pao, mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Laurentine aliahidi kwamba pesa za harusi za Desemba zingenunua nyingine. Jeanne akatazama urithi wao ukiondoka umefungwa kamba, akasema hana la kuongeza. Kisha akaongeza kwa nusu saa nzima.

Kilichokuwa kikinunuliwa ni kamera ya mkanda, ile ya zamani isiyojua simu. Papa Constantin, mpiga picha wa mtaa kwa miaka arobaini, alikuwa nazo mbili, pacha kwa kila kitu cha ndani: kioo kilekile, mashine ileile, hata mlio wake ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ngozi. Moja ilikuwa nyeupe, inang'aa kama sufuria mpya, na za namna hiyo zilitengenezwa nyingi. Nyingine ilikuwa nyeusi, imepakwa rangi kiwandani juu ya shaba tupu, na hizo zilitoka chache. Rangi yake ikilika kwa kushikwashikwa, shaba ya manjano huchungulia pembeni, na kadiri inavyochungulia ndivyo wenye pesa wanavyoililia. Gari likichubuka bei hushuka, lakini kamera nyeusi ikichubuka bei hupanda, nani ataielewa dunia hii? Kwa hiyo nyeusi Papa Constantin alitaka mara tatu ya bei ya nyeupe.

Msidhani Laurentine alikuwa mjinga. Alikuwa amembebea mzee yule begi kwa miaka kumi na mmoja, na alijua vizuri kuliko Jeanne kwamba picha za nyeusi na za nyeupe hazina tofauti hata punje. Lakini alijua na jambo jingine. Mtaani watu hawakusema "mwiteni Constantin", walisema "aje na ile nyeusi". Ile nyeusi ndiyo iliyobatiza watoto, ikaozesha, ikazika. Simu zilipokuja ziliua kazi, ni kweli, ila miaka hii mabibi harusi wamerudi kutaka picha za mkanda, na bibi harusi anayelipia mkanda hamtaki mtu yeyote tu. Anataka kamera iliyompiga mama yake. Atakayeishika ile nyeusi ndiye atakayekuwa mrithi, na mwingine yeyote atabaki mwanamke wa samaki mwenye kamera. Kwa hiyo bei ile, kwa Laurentine, haikuwa bei ya rangi. Ilikuwa bei ya jina.

Tena mzee alikuwa amemlea. Alimfundisha kufunika kamera kwa leso iliyokunjwa kabla ya kuishika, kwa sababu viganja vya Papa Constantin vilitoka jasho mwaka mzima, hata Julai, na yeye husema jasho linaua mashine. Alimfundisha pia kutazama kile kifundo kidogo cha juu, upande wa kushoto. Ukivuta mkanda kikizunguka, mkanda unakwenda. Kikikaa kimya, hakuna mkanda ndani, unapiga upepo. Laurentine aliwahi kupiga upepo ubatizo mzima, picha thelathini na sita za hewa, na mzee akaenda mwenyewe kwa wenye mtoto akajitwika kosa. Na siku Laurentine alipoiangusha ile nyeupe kule Kilwa ya huku kwetu, ya ziwani, akishuka kwenye lori, ikabonyea pembe ya chini, mzee hakumgombeza. Alipangusa vumbi akasema mashine haina roho, mtu ndiye mwenye roho. Mtu wa namna hiyo humtilii shaka, unamtengea kiti.

Siku ya kukabidhiana, Papa Constantin alisema ile nyeupe ameshamuuzia mtu wa Likasi. Akaitoa nyeusi kwenye mfuko wake wa ngozi, akaigeuza juani ili pembe zake za manjano zionekane.

"Angalia, Lau," alisema. "Hii njo mikono yangu. Miaka makumi ine."

Laurentine alilia, tena bila kuona haya. Mzee akamwomba kitu kimoja zaidi ya bei. Nusu ya mtaa ule imekwenda makaburini ikitanguliwa na picha aliyoipiga yeye, ile kubwa inayobebwa mbele ya sanduku na kuchapwa kwenye fulana za wafiwa. Yake mwenyewe hakuwa nayo, na hakutaka azikwe na picha ya simu. Alitaka Laurentine ampige, kwa ile nyeusi. Wakapatana Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya misa.

Jumamosi, siku moja kabla, Laurentine alikuwa na harusi ya kupiga picha, mtaa wa Kamalondo. Oktoba ya Lubumbashi mnaijua, joto linakaa kichwani kama mzigo. Asubuhi hiyo aliikunja leso yake, akaitazama, akairudisha kabatini. Alitaka mikono yake nayo ianze kula rangi, pale pale mikono ya mzee ilipoanzia, ili siku moja shaba yake ionekane karibu na ya mwalimu wake. Akafanya kazi vizuri mpaka saa nane. Ndipo bibi harusi alipomwomba amrekebishie shela, naye akamrekebishia, na vidole vyake vikaacha juu ya kitambaa kile cheupe alama nne nyeusi.

Yaliyosemwa na mashangazi wa bibi harusi tuyaache huko huko Kamalondo. Laurentine aliomba radhi mpaka sauti ikakauka, akamaliza mkanda, akarudi nyumbani akaketi uani na kamera mapajani.

Akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ilitoka laini kama ukoko wa bukari, ugali wetu, uliolowekwa maji. Na chini yake haikuwa shaba. Ilikuwa nyeupe, ile nyeupe ya sufuria mpya. Manjano ilikuwa pembeni tu, mahali ambapo mtu alikaa na msasa akasugua weupe wenyewe mpaka akaifikia shaba ya chini. Akaigeuza. Kwenye pembe ya chini ukucha ulizama ndani ya kitu laini, lipu ya mafundi wa magari, ikabanduka yote kwa mara moja, na pale chini pakawa na shimo analolijua. Alilitengeneza mwenyewe, Kilwa.

Mtu wa Lubumbashi, mji wa shaba, kudanganywa kwa shaba! Babu yake aliletwa kutoka kaskazini kuja kuiyeyusha, baba yake akaichimba mpaka kifua kikammaliza, na yeye amekwenda kutoa friza ya mama yake kwa shaba ya msasa. Lakini hilo halikumuuma kama lile la leso. Papa Constantin hakuwahi kuishika kamera kwa mikono mitupu, hata siku moja katika miaka arobaini. Mikono yake ingekulaje rangi? Ile nyeusi ya kweli haikuchubuka popote, ilikuwa nyeusi tii. Laurentine, aliyeifua leso ile kila Jumatatu, alionyeshwa alama za mikono, akalia kwa furaha. Mzee alihesabu kwamba mapenzi yatamfumba macho, na hesabu yake ikawa sawa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye leso.

Jeanne alitoka jikoni, akaitazama kamera, akaitazama sura ya mdogo wake. Angeweza kusema, na haki ya kusema alikuwa nayo. Alirudi ndani akamletea maji ya kunawa.

Jumapili Laurentine alikwenda kwa miadi. Papa Constantin alikuwa ameshavaa suti ya kijivu na tai, ameketi uani kwake kwenye kigoda cha zamani cha studio, nyuma yake limetundikwa lile pazia la bluu. Alikuwa amenyoa ndevu. Laurentine akaiweka kamera magotini pa mzee, pembe ya Kilwa ikiwa juu.

Mzee aliitazama. Hakukana, hilo tumpe. Alisema ndiyo, ni ile nyeupe, Chance anayepaka rangi pikipiki ndiye aliyeipaka, na msasa aliushika yeye mwenyewe. Ile nyeusi ya kweli iko mtaa wa Golf, kwa tajiri anayekusanya kamera za zamani, tangu mwezi wa tano. Pesa zote ziliingia kwenye paa la nyumba na hazikutosha. Akasema kuomba aliona haya. Laurentine alimwambia kwamba angeomba tu, angepewa, hata friza angeiuza bila kudai kitu. Na ilikuwa kweli, na mzee alijua ni kweli. Kuomba aliona haya, kumwibia mwanawe hakuona.

Kulikuwa na swali moja lililomkosesha Laurentine usingizi, na hilo aliliuliza taratibu.

"Papa, juu ya nini haukumupatia ule wa Golf hii ya bubongo, na miye unipatie ya kweli?"

Papa Constantin alivuta leso akajipangusa viganja.

"Ule anaangaliaka na kioo ya kukuza, Lau," alisema. "Angeona. Weye haukuangaliaka. Weye unaniamini."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia fupi. Kwa miaka kumi na mmoja Laurentine alidhani kumwamini mzee huyu ni sifa yake. Kumbe kwa mzee ilikuwa punguzo la gharama.

Halafu mzee akanyoosha tai. Akasema yaliyopita yamepita, suti ameshavaa, jua ni zuri, na yeye hana miaka mingi. Nyeupe au nyeusi, ndani ni moja, si ndivyo alivyomfundisha? Basi ampige ile picha yake.

Laurentine aliichukua kamera. Mkanda wa harusi aliutoa jana, na mpya ulikuwa mfukoni mwa gauni, haujafunguliwa. Akauacha mfukoni. Akarudi nyuma hatua nne, akapiga goti, akamwambia mzee ainue kidevu kidogo. Akabonyeza. Kisha akavuta kile kimkono cha kusogeza mkanda, polepole, kamera ameiinamisha ili mzee aone juu yake.

Kifundo cha kushoto hakikuzunguka.

Papa Constantin alikiona. Macho yake yalikwenda pale yenyewe, kama yalivyokwenda kwa miaka arobaini, yakabaki pale. Laurentine akabonyeza tena, akavuta tena, na kifundo kikakaa kimya. Mzee akarudisha kidevu juu, akaweka mikono mapajani, akatazama kioo kama mtu anayepigwa picha. Alikaa hivyo mara kumi na mbili, Laurentine alihesabu, na jasho likamtoka viganjani likalowesha suruali ya kijivu.

Walipomaliza, Laurentine aliifunika kamera kwa leso. Mzee aliinuka kwa kushika ukuta, akauliza kwa sauti ndogo kama picha imetoka vizuri.

"Muzuri sana, Papa," alisema Laurentine. "Uniamini tu."