Sarafu za Kooni

Mjomba wangu ni daktari wa koo. Jumapili moja nilimpelekea mwanangu wa mwaka mmoja amwone, naye akatuletea mezani sanduku la kioo lenye sarafu kama arobaini.

"Wenzangu hukusanya za wafalme wa kale," alisema. "Mimi nakusanya zilizomezwa na watoto tu. Zote nimezitoa kooni mwenyewe."

Nyingine zilikuwa na ukoko wa manjano. Nikamuuliza kama huziosha.

"Thubutu! Sarafu ikioshwa haina thamani tena."

Akanionyesha nafasi moja tupu. "Imebaki ya shaba. Watoto wananinyima hiyo tu!"

Akacheka peke yake, akatoa sarafu ya shaba mfukoni, akaifuta kwa shati na kumtia mwanangu kiganjani. "Shika, mjukuu wangu, chezea."

Niliipokonya ikiwa tayari imefika mdomoni, nikaitupa na kumbeba mwanangu. Mjomba akapiga magoti kuitafuta chini ya meza.

"Mbona umekasirika, mama? Mimi si nipo hapa hapa?"

Niliondoka bila kumuaga. Siku hizi mtoto akikohoa, nampeleka kwa daktari asiye ndugu.