Mwenye Masikio Marefu

Kwetu Loctudy, bandari ya wavuvi huko Ufaransa, kuna mnyama asiyetajwa ndani ya chombo. Wazee wanasema zamani alikuwa akiguguna kamba za meli. Kwa hiyo tunamwita mwenye masikio marefu, na tukiwa nchi kavu tunamla kwa haradali bila kinyongo.

Tulikuwa tukitafuta mashua ya kununua, na mume wangu Tanguy alikuwa ameshapenda kadhaa za tanga, zote nyembamba na zenye mbio. Mimi nilitaka moja tu: ile ambayo binti yetu Azenor, mwenye miaka minne, angekubali kuipanda. Aliwahi kuteleza gatini akanywa maji ya chumvi, na tangu hapo akisikia mashua analia. Safari hii alikubali kwa sharti kwamba Mistou aje naye. Mistou ni mwanasesere wake wa kitambaa, na masikio yake, Mungu wangu, yanafika kiunoni!

"Mfiche kwenye koti," Tanguy akaninong'oneza. "Mwenye mashua ni mjane wa mvuvi. Akimwona tu, biashara imekufa."

Mashua ya Bi. Kerdoncuff ilikuwa nzito na pana, yenye kingo zilizoinuka ambazo mtoto hawezi kuziruka. Nilikaa penye usukani nikakiona kitanda cha ndani, ambapo Azenor angelala, bila hata kuinama. Moyo wangu ukatulia.

"Hii itatembea kama ng'ombe mwenye mimba," Tanguy akanong'ona.

"Ng'ombe hapinduki, mwanangu," akajibu Bi. Kerdoncuff kutoka huko mbele.

Tulikuwa bado tunacheka Azenor alipofungua koti lake, akamlaza Mistou kitandani. "Bibi, sungura wangu anapapenda hapa."

Tanguy akagusa mbao haraka haraka kufukuza mkosi. Bi. Kerdoncuff akamtazama yule mwanasesere, akashuka gatini, akaenda zake nyumbani.

"Haya, imekwisha," Tanguy akasema. "Mistou angebaki kwenye gari."

"Mimi bila Mistou sipandi!" Azenor akalia. "Sipandi tena!"

Nilikuwa nambembeleza Azenor, Bi. Kerdoncuff aliporudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na sindano, uzi na soksi kuukuu ya sufi. Akaketi kando ya Azenor, akayakunja yale masikio, akamvisha Mistou soksi kichwani na kuishona shingoni.

"Sasa huyu nani?"

Azenor akafuta kamasi. "Paka?"

"Paka mwenye baridi. Paka ruksa."

"Mama, wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa sana tu." Akakata uzi kwa meno. "Binti yangu naye alikuwa na wake wa masikio marefu. Marehemu mume wangu akamtupa mwanasesere huyo baharini, pale nje ya mnara wa taa. Dhoruba haikutupata mwaka ule. Ila mtoto hakupanda tena mashua hii, mpaka leo."

Nikasema ahsante tena na tena kama mjinga. Tanguy akapiga ubavu wa mashua kofi la upole. "Haya, ng'ombe wetu, twende nyumbani."

Jumapili ya kwanza tulimwalika Bi. Kerdoncuff tutoke naye. Tulipoukaribia mnara, Azenor akamkabidhi paka wake.

"Bibi, nishikie. Asianguke."

Akamshika kwa mikono miwili, na hakumwachia mpaka tulipofunga kamba gatini.