Ujumbe Uliosomwa Bombani

Ukitaka kazi ya umeneja wa mawakala wa mtandaoni, njoo unione kwanza. Sitakukataza. Nitakueleza tu yale ambayo mimi sikuelezwa, kisha utaamua mwenyewe kama utayaweza.

Kazi yenyewe ni hivi. Kampuni ina majiko ya gesi, blanketi, sufuria na vichujio vya maji, lakini haina duka. Wewe unatafuta watu wenye watu: mwenye saluni, mama wa chama, kiongozi wa kwaya. Kila mmoja unampa linki yake, anaisambaza kwa jamaa na majirani, na kila mtu akinunua kupitia linki hiyo, wakala anapata asilimia saba. Wewe unawafunza, unawatia moyo, unapokea simu zao hata ukiwa msalani, na unahakikisha hakuna anayedanganya. Hilo la mwisho ndilo lililonikaanga.

Jina la kampuni silitaji. Wao wana mawakili, mimi nina mama mzazi na kodi ya nyumba. Walinichukua kwa sababu ya mtaa. Mimi ni Celine Aloo, mzaliwa wa Makongeni, baba alikuwa mtu wa reli mpaka akastaafu, na kati ya Jogoo Road na Mathare hakuna ploti ambayo nikiingia nitakosa wa kunisalimu. Kwa miezi minane niliwaletea mawakala mia tatu. Mkubwa wangu, Ngigi, alikuwa akinionyesha kwa wageni na kusema, "Huyu ndiye anatushikia Eastlands." Na mimi nilikuwa navimba kichwa, nisidanganye.

Mafunzo niliyafanyia katika ukumbi wa kanisa kwetu Makongeni. Siku moja mama mmoja akainua mkono akauliza, "Na kama customer ana kabambe, haiwezi fungua linki?" Swali zuri, maana nusu ya wateja wa huku simu zao ni za kupiga na kupokea tu. Nikashika maikrofoni nikajibu, "Mwagizie kwa simu yako. Weka namba yake apate ujumbe wa mzigo, basi." Mwingine akauliza kuhusu anwani, kwa sababu vichochoro vyetu havina majina na watu wa boda wanapotea. Nikasema, "Chagueni duka moja linalojulikana, mizigo yote ishukie hapo." Wakapiga makofi. Kumbuka makofi hayo.

Mwezi wa tatu Ngigi akaniletea orodha ya majina kumi na moja.

"Hawa ni wezi," alisema. "Sistimu imewashika. Simu moja, order hamsini, sitini, zote zinaenda mahali pamoja. Wanajitungia wateja wapate komisheni. Thibitisha tuwatoe."

Hebu fikiria. Simu moja, mahali pamoja. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa na chai mkononi, na kabla haijapoa nilikuwa nimebonyeza yote kumi na moja. Wa nne alikuwa Jackton Owuor wa Mathare. Jina nililikumbuka kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa ameniandikia: "Madam, nimefikisha wateja sitini na mbili. Ubarikiwe sana."

Wakala akiondolewa, kila mteja wake hupata ujumbe: "Wakala huyu ameondolewa kwa udanganyifu. Usimpe pesa wala habari zako." Juu yake linawekwa jina kamili, kwa herufi kubwa. Maneno hayo niliyatunga mimi, na nilisifiwa kwa Kiswahili chake.

Jackton alinipigia simu mara nne. Sikupokea, tulikuwa tumeambiwa tusizungumze na walioondolewa. Kisha akaandika. Niliona mwanzo tu, "Madam, si ni wewe ulituambia...", nikaifunga namba yake. Mchana huo Ngigi alitupeleka Burma kula nyama, kutushukuru kwa kusafisha orodha. Nilikula mbavu za mbuzi mpaka nikalamba vidole. Mpaka leo nikipita Burma nageuza uso.

Mwezi wa sita ikaja orodha ya pili. Majina kumi na manne, na la kwanza lilikuwa la Khadro.

Khadro sisi tunamwita Mama Mumin. Kabla hajapata duka lake la viungo na madera kule Eastleigh, meza yake ilikuwa kando ya meza ya mama yangu sokoni, miaka kumi. Baba alipofariki alituletea wali siku tatu mfululizo, sufuria mbili mbili, na hakungoja kuulizwa. Mimi ndiye niliyemshawishi awe wakala. Sasa sistimu ilikuwa inaniambia ni mwizi.

"Huyu namjua," nilimwambia Ngigi.

"Kila mtu anajua mwizi wake. Ijumaa saa sita, Celine, nataka orodha imethibitishwa. Na usiniletee story za mtaa."

Nilikwenda Eastleigh siku hiyo hiyo. Mama Mumin alinimiminia chai yenye iliki nyingi, nikamweleza bila kuzunguka. Hakupandisha sauti. Alitoa daftari chini ya kaunta akalifungua mbele yangu. Kila mteja alikuwa hapo: jina, namba ya simu, alichonunua, na pembeni sahihi, au dole gumba lililochovywa kwenye wino. Mizigo yote ilishukia duka la jirani yake, Roble, kwa sababu kila mtu wa boda alilijua.

"Wewe si ulisema tuagize na simu yetu?"

"Nilisema."

"Na duka moja?"

"Nilisema, Mama Mumin."

"Basi makosa iko wapi?"

Akafunga daftari. "Abaayo, dada yangu, sikia. Kuna wamama hapa juu wananipea dhahabu niwekee. Hakuna karatasi, hakuna nini. Hiyo message yenu ikifika kwa simu zao, kesho watakuja wachukue. Hawatanitukana. Watachukua tu, na watanisalimia vizuri. Unajua hiyo ni nini kwa mtu wa biashara?"

"Sitasaini," nilimwambia. Nilikuwa nimewaka, nilikuwa tayari kupasua mtu. "Haki ya Mungu, hawa watu watanijua."

Alirudisha daftari chini ya kaunta. "Na wale wa kwanza? Kulikuwa na wengine, mtu wa Mathare aliongea na Roble. Hao pia ulienda kwao ukauliza?"

Nikainua kikombe cha chai, nikakirudisha chini.

"Ama ni mimi tu nilipika wali?"

Nimetukanwa maishani. Nimetukanwa na makanga, na mwenye nyumba, na shangazi zangu wakiwa wamekaa safu nzima matangani. Hakuna lililoniingia kama hilo, na hata halikuwa tusi. Nilitoka pale nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda, kwa sababu kila nilipoielekeza ilinirudia mwenyewe.

Ijumaa nikaingia ofisini kwa Ngigi saa nne asubuhi, sikungoja saa sita.

"Hawa kumi na nne si wezi," nilisema. "Na wale kumi na moja hawakuwa wezi. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Policy inasema order moja, simu moja."

"Sikuwahi kuonyeshwa."

"Ukurasa wa kumi na tisa. Uliweka sahihi."

Kweli niliweka. Kurasa arobaini za Kiingereza cha mawakili siku ya kwanza ya kazi, nani anasoma? Wewe soma. Ukisahau yote niliyokwambia, hilo usilisahau.

"Nikuulize, Ngigi. Mlisema wateja ni wa kujitungia. Hewa."

"Ndiyo."

"Ule ujumbe wa Jackton ulifika kwenye simu sitini na mbili. Nimeangalia. Hakuna hata mmoja uliorudi. Kama wateja ni hewa, tulimtumia nani?"

Hapo nilimwona. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonichemsha. Alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu mwezi wa tatu, na alijua pia kwamba wakala akiondolewa komisheni yake inabaki na kampuni. Aliegemea kiti chake akatabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya sukari.

"Celine, wewe ni meneja, si mchungaji. Usiposaini, mwenzako Makau atasaini. Tofauti ni nani atakuwa na kazi Jumatatu."

Hasira hasara, walisema wahenga. Sijui kama kuna mhenga aliyewahi kufanya kazi chini ya Ngigi. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu hakunifundisha, nikatoka, nikafunga mlango mpaka ukuta ukatetemeka. Kisha nikampigia Mama Mumin.

"Watatuma," nikamwambia. "Siwezi kuwazuia. Waambie watu wako kabla haijafika."

"Nimeshawaambia tangu juzi," akasema. "Daftari iko wazi hapa kwa kaunta. Wewe fanya yako."

Yangu nilikuwa nayajua. Nikakaa kwenye kiti changu kinachozunguka, nikafungua jina la nne, na pale ambapo hutumwa ujumbe kwa wateja nikaandika: "Jackton Owuor hakudanganya mtu. Alifanya alivyofundishwa na mimi, Celine Aloo, meneja wake. Nilimwondoa bila kumuuliza. Kosa ni langu." Chini nikaweka namba yangu ya simu, ile ya kweli. Nikatuma kwa wote sitini na wawili. Nikaenda kwa jina la kwanza, la pili, la tatu, nikaruka hadi la tano. Nilipomaliza la saba sistimu ikanitupa nje, na mlangoni alikuwa amesimama Ngigi na askari wa getini. Majina manne yaliyobaki nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Hayo ndiyo niliyotoka nayo, na mkoba wangu.

Makau alisaini saa nane. Eastleigh wanawake watatu walichukua dhahabu yao na kumsalimia Mama Mumin vizuri kabisa, kama alivyosema. Waliobaki walikuja kuangalia daftari, wakaona vidole vyao wenyewe, wakaketi wakanywa chai. Watatu si wengi, utasema. Mwambie yeye.

Mimi nilikuwa bado njiani kwenda nyumbani simu ilipoanza kuita. Wengine walinitukana. Mmoja aliuliza kama blanketi bado ziko. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu.

"Wewe ndiye Celine?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi ni mamake Jackton. Simu yangu pia ilikuwa kwa hiyo orodha yenu, mtoto aliniuzia sufuria. Nimesomewa message yako."

"Mama, nisamehe sana..."

"Ngoja. Ile ya kwanza haikubaki kwa simu. Jackton alikuwa na meza ya kuchaji simu hapa bombani. Mtu mmoja alisoma hiyo message kwa sauti, watu wakiwa kwa laini ya maji. Meza walipindua. Betri walichukua. Sasa yeye yuko Ahero kwa mjomba wake na hataki kurudi. Hii yako watu wamesoma kila mtu kivyake, wamenyamaza. Ile ilisomwa bombani. Hii pia njoo uisome bombani."

Nilikwenda Mathare kesho yake, Jumamosi, saa tatu asubuhi, wakati laini ya maji ni ndefu. Mama Jackton alikuwa ananingoja amesimama, leso kiunoni, mahali ambapo bado ungeweza kuona mashimo manne ya miguu ya meza. Hakunipa mkono. Alisema tu, "Ni huyu," na watu wakageuka, mitungi mikononi.

Nikasoma. Nilipomaliza, maji yalikuwa bado yakiingia mtungini. Kisha mama mmoja katika laini akasema, "Lakini si message ilitoka kwa kampuni? Sisi tungejuaje?" Wengine wakaitikia, eeh, tungejuaje.

Damu ilinipanda. Nilitaka kuwapigia kelele. Mlikuwa mnamjua! Aliwachajia simu miaka mitatu, mlikuwa mnapika kwa sufuria alizowaletea, na mngemuuliza tu! Mdomo ulikuwa umeshafunguka nilipokumbuka kwamba mimi pia ningemuuliza tu, na yeye alinipigia mara nne. Nikaufunga.

"Umemaliza?" Mama Jackton aliniuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Ile ya kwanza walisoma mara tatu. Kila laini ikisonga, wanaanza tena, ndio wale wapya wasikie." Akakunja mikono. "Mimi nilikuwa hapa."

Nikangoja laini isonge. Walipofika wapya na kuweka mitungi yao chini, nikainua simu nikaanza upya, safari hii nikitanguliza jina langu.