Umevuka Barabara?

Mashine ya kuchapa haikimbii mpaka mbunifu atie saini kwenye karatasi ya kwanza. Ndiyo sheria ya pale kiwandani, na fundi wa mashine, mzee wa maneno machache ambaye wino ulishahamia kwenye kucha zake, hajawahi kuivunja hata kwa kuombwa na wakubwa. Karatasi ya kwanza ikitoka inalazwa mezani chini ya taa nyeupe, mbunifu anaikagua, anasaini pembeni, ndipo mashine inaachiwa. Kikiharibika kitu baada ya hapo, hakuna kutafuta mchawi. Saini inajulikana ni ya nani.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Milimita.

Jina hilo alipewa ofisini, kwa sababu aliweza kumrudisha mtu kwenye kompyuta akasogeze herufi milimita moja, na kesho yake akamrudisha tena airejeshe ilipokuwa. Walimcheka chinichini, lakini kazi yake waliijua. Miaka kumi na minne alikuwa amebuni kila kitu, kuanzia kalenda za benki mpaka vifungashio vya sabuni. Sasa mbele yake yalikuwa maboksi mawili ya dawa, la presha na la sukari, ya kiwanda kimoja. Ya zamani yalikuwa na sura mbaya, tuseme ukweli. La presha lilifungwa mkanda mnene mwekundu, la sukari mkanda wa kijani, na maandishi yake yalikuwa kama ya mtu anayegombana sokoni. Milimita aliitoa mikanda yote miwili. Akaacha weupe mtupu, herufi nyembamba za kijivu, na kinukta kidogo pembeni, chekundu kilichofifia kwa presha, kijani kilichofifia kwa sukari. Bosi wake alipoyaona alisema hii inakwenda kwenye mashindano. Akamwambia pia kwamba kazi hii ikitoka salama, yeye ndiye mkuu wa ubunifu.

Basi alikuwa na kila sababu ya kusaini. Bosi amesimama kulia, mama wa masoko kutoka kiwanda cha dawa kushoto, kalamu iko mkononi. Lakini alikuwa hajasaini, kwa sababu mjomba hakuwa anapokea simu.

Mjomba alikuwa mchora mabango enzi za brashi na ngazi, na ndiye aliyemlea. Namna yake ya kufanya kazi iliwachosha wateja. Akichora herufi moja, anashuka, anavuka barabara, anasimama ng'ambo mikono nyuma, anatazama, anarudi, anapanda, anarekebisha. "Herufi haisomwi na aliyeichora," alikuwa akisema. "Inasomwa na mwenye haraka zake, yuko ng'ambo, jua liko machoni." Na akisikia mchoraji mwenzake anawasema watu kwamba hawaoni, alikuwa hana simile naye: "Siku utakayolaumu macho ya mtazamaji, shuka ngazi, uza brashi."

Tangu kazi yake ya kwanza, Milimita alikuwa hasaini bila kumpigia simu. Mjomba anauliza swali moja tu, "Umevuka barabara?" Yeye anajibu, "Nimevuka, mjomba," kisha anasaini. Mwanzoni alikuwa anavuka kweli, anabandika kazi ukutani na kuitazama kutoka mlangoni. Halafu zikaja skrini kubwa, zikaja tuzo, na wanaotazama kazi wakawa wabunifu wenzake, wenye macho mazima, wameketi, hawana haraka. Siku hizi wabunifu wanabuniana wao kwa wao, mwenye boksi anasahaulika. Miaka sita ilikuwa imepita hajavuka hata mfereji, na kila mara alijibu "nimevuka" bila kigugumizi.

Alipiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

"Milimita," bosi alisema, "tunasubiri saini, hatusubiri mvua."

"Dakika moja, bosi."

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Mjomba, mbona hupokei?"

"Nani?"

"Mimi, mjomba."

"Aa, mama. Nipo. Natetemeka kidogo tu. Na hili jasho... leo kuna joto sana, eh?"

Hakukuwa na joto. Milimita alisogea pembeni.

"Umekunywa chai?"

"Bado. Nimemeza vile viwili vya presha muda mrefu umepita, nikasema nijilaze kwanza."

"Umevitoa wapi?"

"Kwenye boksi lako." Mjomba alicheka, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Yale ya sampuli uliyoyaacha mezani kwangu. Jana nimehamishia dawa zangu humo, ya zamani nikayatupa. Nilitaka niwe mteja wako wa kwanza."

"Mjomba, lishike ulilotolea dawa. Nisomee limeandikwa nini."

Boksi lilisikika likigeuzwa. "Kwani lina maandishi? Mimi naona jeupe tu." Kisha, polepole, kama mtu anayekumbuka wajibu wake, akauliza, "Umevuka barabara?"

Milimita alikuwa anahesabu vidonge. Vya presha mjomba alikuwa anameza viwili asubuhi, kabla ya chai. Cha sukari anameza kimoja tu, jioni, na chakula. Akiwa amechanganya maboksi, basi amemeza viwili vya sukari juu ya tumbo tupu, na sukari yake sasa ilikuwa inateremka na yeye amejilaza anasingizia joto.

Alimpigia mkaza mjomba, aliyekuwa uani anaanika nguo.

"Mkaza mjomba, acha nguo, ingia ndani. Mpe mjomba maji ya sukari, tena yakolee."

"Wewe, mwenye sukari nimpe sukari? Unataka kuniulia mume?"

"Amekosea dawa. Mpe, lawama nitabeba mimi. Halafu mkimbize zahanati, na maboksi uende nayo."

Simu ikakatika. Aliogopa. Aliona aibu pia, kwa sababu katikati ya hofu ile sauti moja ndogo ilikuwa inamwambia, saini kwanza, halafu ukimbie. Bosi alimuuliza kuna nini. Badala ya kujibu alichukua sampuli mbili za mezani akamtazama fundi.

"Baba, nisaidie. Twende nje."

Walitoka mpaka getini. Alimpa fundi boksi moja kila mkono, akavuka barabara, akasimama ng'ambo mikono nyuma. Lori likapita. Vumbi lilipotulia, aliona mzee ameshika vitu viwili vyeupe. Ni yeye aliyevibuni. Alijua kila kinukta mahali pake, kwa milimita. Alitazama mpaka macho yakamuuma, na hakujua lipi ni lipi. Alirudi mpaka katikati ya barabara, hakujua. Aliposimama hatua tatu kutoka kwa fundi alisema, "Presha ni la mkono wako wa kushoto."

Fundi aliyasogeza usoni, akakunja paji, akayageuzageuza. "Hili la kushoto ni la sukari," alisema. "Na mimi nimelijua kwa kulisoma, si kwa kuliona."

Ndani, Milimita aliwaambia kwamba hasaini, na akawaambia sababu.

Mama wa masoko alikuwa mtu wa haki, hakupandisha sauti. "Pole kwa mjomba wako. Lakini nani anasoma dawa kutoka ng'ambo ya barabara?"

"Mjomba alikuwa nalo mkononi. Hakuona hata kama lina maandishi."

"Ni mzee," bosi alisema. "Macho yake..."

"Wenye presha ni wazee, bosi. Ndio tunaowauzia."

Bosi alimvuta pembeni. Alikuwa anampenda, na ndiyo maana alikasirika zaidi. "Kazi hii watu wamekwishaipitisha. Usiposaini, nasaini mimi. Na ule ukuu wa ubunifu uusahau, nimekwambia."

"Jina kwenye kazi ni lake," fundi alisema kutoka kwenye mashine, bila kugeuka. "Saini ya mtu mwingine siichapi." Akafuta mikono kwa tambara, akafunika kopo la wino, akaenda kunywa chai.

Milimita alichukua kalamu nyekundu nene ya fundi. Juu ya karatasi ya kwanza, kwenye kila boksi la presha, juu ya weupe wake wote alioupigania miezi minne, akachora mkanda. Ulikuwa mnene, umepinda, mbaya kabisa. Mama wa masoko aliinama akautazama kwa muda, akatoa simu yake akaupiga picha. Bosi alikuwa ameshatoka nje.

Njiani kwenda zahanati alipiga simu mara tano, na mara tano hakupokelewa. Alijiapiza mambo mengi, mengine hayatekelezeki. Alipofika mlangoni alimkuta mkaza mjomba kwenye benchi, kanga bado ina vibanio vya nguo.

"Yupo," mkaza mjomba alisema haraka, alipouona uso wake. "Yupo, amekula. Nesi anasema tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Mjomba alikuwa amelala, dripu mkononi, rangi imemrudia. Kwenye meza ya kitanda yalikuwa yale maboksi mawili, meupe, safi, yamepangwa sambamba. Nesi alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nene, P kwenye moja na S kwenye lingine.

"Mjomba," Milimita alisema, "ni maboksi yangu. Sikuvuka. Ni miaka sasa sivuki, nakudanganya."

Mjomba alinyoosha mkono usio na dripu, akamshika kidole kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka.

"Maboksi yako mazuri sana," alisema. "Nani kasema ni maboksi? Ni macho yangu tu, mama. Macho yangu ndiyo mabovu."

Milimita aliinamia kitanda akalia. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu yule akilaumu macho ya mtazamaji. Sasa alikuwa ameyalaumu ya kwake, ili Milimita asishuke ngazi.