Mzee Pyo Aliomba Jina la Babangu

Mzee Pyo, kiongozi wa wazee wa kanisa letu, alikuja kuniomba jina la babangu siku ya Alhamisi, nikiwa jikoni nachemsha kome. Hakusema hivyo, bila shaka. Alisema, "Kwonsa, Jumapili utakaa benchi la mbele."

Kwonsa ni cheo cha sisi kina mama wazee kanisani, na hapa mjini Beolgyo hakuna aliyekaa nacho muda mrefu kuliko mimi, Tak Sun-im, mwenye miaka sabini na sita.

"Benchi la mbele la nini, na kanisa limefungwa?"

"Limefungwa na serikali. Sisi tunalifungua."

Ilikuwa Desemba ile ya ugonjwa. Amri ilisema tusali kwa simu, na waruhusiwe kuingia watu ishirini tu, wale wa kupiga picha na kurusha ibada. Sisi tuko mia moja na arobaini, wengi wetu tumeshapita sitini.

"Babako alikataa kuinamia hekalu la Wajapani walipotutawala, wakamfunga miaka minne," akasema Pyo. "Leo binti yake aogope karatasi ya ofisi ya afya? Wakija kututoa, wakukute wewe mbele. Mwandishi wa gazeti nimeshamwita."

"Umemwita kabla ya kuniuliza?"

"Nilijua utakubali."

Nilikasirika mpaka kome wakaiva kupita kiasi, wakawa wagumu. Kila mwaka mwezi wa tatu, tukiwakumbuka waliopinga Wajapani, Pyo husimulia habari za babangu mimbarini, na kila mwaka anaongeza chumvi. Mwaka juzi babangu alikata minyororo kwa maombi. Sikumsahihisha hata siku moja, na hilo kosa ni langu.

Lakini msinidhanie kuwa mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa kila serikali ikikohoa. Alasiri ileile nilivaa koti nikaenda ofisi ya afya. Nilimkuta afisa mmoja, Bang Eun-chae, umri wa mjukuu wangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, tambi zake zimepoa mezani.

"Bibi, simama nyuma ya mstari, tafadhali."

"Nimesimama. Sasa niambie. Bafu la umma pale karibu na stesheni liko wazi, watu wako uchi wanasuguana migongo. Soko la kome limejaa pomoni. Ugonjwa uko kanisani tu?"

"Bafuni hawapazi sauti saa nzima, Bibi."

Hapo alinipata. Sisi tukisali hatunong'oni. Tunaliita jina la Bwana mara tatu kwa pamoja, kwa nguvu zote, kisha kila mtu anamwaga yake kwa sauti, mpaka madirisha yanatoka jasho. Anayekaa mbele hurudi nyumbani na mate ya aliyekaa nyuma.

"Haya, hilo nimekubali," nikasema. "Mpaka lini?"

"Haijaandikwa."

"Binti, kuabudu ni haki yangu, sikuja kuiomba kwako. Wewe umeazima mlango wa kanisa letu, na mwenye kuazima husema atarudisha lini. Amri isiyo na tarehe ni kufuli."

Aliniangalia, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Bibi, wewe ungefaa kuwa wakili."

"Ningekuwa wakili ungenilipa. Piga simu kwa mkubwa wako."

Alipiga. Walibishana nusu saa, na nilisikia akisema, "Lakini huyu bibi ana haki, bosi." Mwishowe akaniandikia: wiki mbili, kisha amri itazamwe upya na kanisa lijibiwe kwa maandishi, na bafu nalo lihesabiwe watu kuanzia kesho. Akagonga muhuri. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye mji.

Nilidhani karatasi ile ingetosha. Jumapili Pyo aliisoma mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni. "Leo wiki mbili, kesho mwaka," akasema.

Ndani walikuwa watu sitini na zaidi. Mchungaji Ma, kijana mwema anayemwogopa Pyo kuliko shetani, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwandishi alisimama na kamera karibu na piano. Bang alibaki kwenye ngazi za nje, peke yake, bila polisi, akipuliza vidole kwa baridi.

Pyo akanipa kipaza sauti. "Binti wa shujaa wa imani ataliita jina la Bwana mara tatu, nasi tutamfuata!"

Watu wakavua barakoa. Wote! Walizivua ili sauti itoke vizuri, maana kwetu kumwita Bwana na kitambaa mdomoni ni utovu wa adabu. Nilimwona Kwonsa Yeom, mwenye pafu moja, akiikunja yake vizuri na kuiweka ndani ya Biblia. Nikajua nikiita tu, baadhi ya watu hawa nitawazika.

Sikuita.

"Vaeni barakoa," nikasema. "Mzee Pyo amewasimulia habari za babangu miaka thelathini. Sasa nisikilizeni mimi. Ni kweli alikataa kuinama. Walimvunja vidole vitatu, hakuinama. Lakini mwaka wa tatu homa ya kikohozi iliingia gerezani. Chumba chao kilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wa imani, na kila asubuhi walisali wameshikana mabega. Babangu akawazuia. Akasema kila mtu ageukie ukuta wake na asali kimya. Siku arobaini. Wakamwita mwoga. Wakasema Wajapani wamemshinda hatimaye. Mmoja wao alimtemea mate usoni."

"Chumba cha pili waliendelea kushikana na kuimba. Walikuwa kumi na wawili, wakatoka watatu. Chumba cha babangu walitoka tisa. Yule aliyemtemea mate alikuwa mmoja wa wale tisa. Akarudi Beolgyo, akaoa, akazaa." Nikamgeukia. "Mzee Pyo, alikuwa babako."

"Babangu alikaa jela ili mtu yeyote asimwambie amwabudu nani," nikasema. "Leo hakuna aliyetuambia hivyo. Siku watakapotuambia, mtanikuta benchi la mbele, na mwandishi nitamwita mwenyewe. Na wiki mbili zikipita bila jibu, nitakwenda kulala kwenye mlango wa ofisi yao. Lakini leo mimi siiti."

Nilimrudishia kipaza sauti kwa hasira na, nikisema ukweli, kwa hofu. Kama angeita yeye, wangemfuata. Akakiinua mdomoni.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Tutasali kwa simu saa tano."

Walitoka mmoja mmoja, kwa nafasi. Mwandishi akataka kumpiga Pyo picha, Pyo akamwambia akapige picha za kome sokoni. Bang aliniinamia pale ngazini, akaanza kuwahesabu wanaoshuka, kisha akaacha.

Pyo alinikuta uani. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Babako alipokuwa hai, babangu alinikataza."

"Amekufa tangu mwaka wa themanini na nane, Kwonsa."

"Baada ya hapo hukuniuliza. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisimulia mimi habari za babangu."

Kisha akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani, akapangusa barafu kwa mkono, akakaa hatua tatu mbali nami.

"Basi nisimulie," akasema. "Na upaze sauti, sikio hili halisikii."