Mwovu wa Kila Mkanda

Reginald wa Sekei aliandika filamu za kila namna: mapenzi, uchawi, ujambazi, hata za kwaya. Enzi zile kila aliyeweza kukodi kamera alijiita mtayarishaji, kwa hiyo hakukosa kazi. Alichokosa ni waigizaji wa kucheza watu wabaya. Waigizaji wake wote walikuwa washarika wa Kilutheri, na nani akubali kuwa mchawi wakati mchungaji ana deki ya video sebuleni? Basi mwizi, mzinzi na muuaji wote wakaigizwa na mwandishi mwenyewe, na mikanda ikauzwa mpaka sokoni Tengeru.

Umaarufu mtamu ulioje! Akiingia dukani, droo ya pesa inafungwa.

Siku alipokwenda na mshenga kumposa Sia, baba mtu aliitikia shikamoo yake huku akisogeza chupa ya chai mbali naye.

"Kijana, nimekuona kwa macho yangu ukiwapa sumu wake watatu."

"Baba, ile ni filamu!" Reginald akaona hapa ndipo pa kujivunia sanaa yake. "Yote niliitunga mimi, neno kwa neno."

Mzee akamgeukia mkewe. "Umesikia, Mama Sia? Kumbe hata kupanga alipanga mwenyewe."