Dirisha la Chumba cha Wifi

Seremala alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa na kazi moja tu: kufungua dirisha la chumba alicholala wifi yake. Wifi alikuwa mjamzito wa miezi minane, daktari kamwamuru asishuke kitandani. Dirisha lenyewe lilipigiliwa misumari zamani, likapakwa rangi juu ya rangi mpaka likasahau kuwa dirisha.

"Nataka upepo tu," alisema wifi. "Mengine nitavumilia."

Seremala akafunga wembe wenye meno ya msumeno kwenye mashine yake ndogo ya kukatia, ile isiyozunguka, inayotikisa wembe kushoto na kulia upesi hata jicho lisiuone. Akaiwasha. Chumba kikajaa mvumo kama wa nyuki walio mbali. Vumbi la mbao likapanda kwenye mwanga wa mchana na kuelea humo, kana kwamba halina pa kwenda.

Wembe wa kwanza haukumaliza robo saa. Aliukandamiza, mbao ikatoa moshi, chuma kikageuka rangi ya samawati. Wa pili uligonga kitu kigumu na meno yake yakakatika.

"Wifi," sauti ikatoka kitandani, "hiyo mashine inakata au inakuna?"

"Inakula nyembe."

"Basi umefuga mlafi."

Seremala akatabasamu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Wifi, ambaye maisha yake yote yalikuwa cherehani, akaupokea wembe uliokufa na kuupitishia kidole.

"Huu ni wa nini?"

"Wa mbao."

"Na humo ndani mna misumari. Unashona jinzi kwa sindano ya hariri, halafu unalaumu cherehani."

Seremala alilijua hilo tangu alipokuwa mwanagenzi. Lakini mimba ya kwanza ya wifi yake ilitoka humo humo chumbani, na tangu asubuhi mkono wa seremala ulikuwa ukisukuma kama mtu anayekimbizwa.

"Mkono una haraka," akakiri.

"Haraka ya nini? Mwenyewe tumboni hana."

Seremala akainuka, akatafuta wembe wa meno madogo, ule wa mbao na misumari pamoja. Akapunguza kasi. Safari hii hakukandamiza. Aliacha uzito wa mashine ufanye kazi, akiuyumbisha wembe taratibu, huku na huku, ili meno yote yakate kwa zamu na unga wa mbao upate njia ya kutoka. Chuma kilipopata moto alizima, akangoja, akasikiliza pumzi za wifi zikizidi kuwa ndefu. Kisha akawasha tena.

Saa zikalegea. Mvumo, kimya, mvumo. Wifi alilala, kiganja tumboni, na seremala naye akahisi kama anafanya kazi ndani ya usingizi wa mwenzake, ambamo hakuna kitu kigumu. Msumari mmoja ukakatika bila ubishi, ukafuata wa pili, hata wa saba, kwa wembe uleule.

Akalisukuma dirisha kwa bega. Likafunguka, na hewa ikaingia na harufu ya majani yaliyomwagiwa maji, ikapita juu ya shuka.

Wifi hakuamka. Seremala akavua viatu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaacha kope zishuke.

Alipozinduka, wifi alikuwa ameegemea mto, nywele zikipeperuka.

"Umekoroma," akaambiwa.

"Si mimi, ni mashine."

"Mashine umeizima tangu saa tisa," akasema wifi, na akamsogezea mto wa pili.